Mkalimani wa Mama Mkwe

Kisukuma nilifundishwa na watoto. Kituo changu cha kwanza cha ualimu kilikuwa Shinyanga, na mimi ni Mhehe wa Iringa ambaye mpaka siku ile sikuwahi kuvuka Dodoma. Darasani tulitumia Kiswahili, lakini uwanjani na kwenye shamba la shule watoto waliongea kikwao, na mwalimu asiyeelewa alikuwa kichekesho. Basi wakanifundisha. Walianza na matusi, kama watoto wa kila mahali, wakaendelea na majina ya viungo vya mwili, wakivunjika mbavu kila nilipoyatamka. Baada ya miaka minne niliweza kuamkia wazee, kuuliza bei ya viazi na kufuata mazungumzo ya msibani. Lakini lugha ya adabu, yale maneno ambayo mtu mzima huzunguka nayo ili asilitaje jambo lenyewe, sikuipata. Hayo mtu huyapata kwa mama yake na shangazi zake, siyo kwa wanafunzi wa darasa la tatu.

Nikahamishiwa mkoa wa Mbeya, bonde la Usangu. Huko nilikuta Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kutoka kaskazini, wanachunga na kulima mpunga, nao walifurahi kumpata mwalimu anayewaambia "mwangaluka" asubuhi. Katika kaya yao mojawapo nikaoa. Baadaye nikapelekwa Makongolosi, wilaya ya Chunya, mke wangu akanifuata, na watoto wetu wawili wakazaliwa huko kwenye vumbi la dhahabu.

Kwetu Uhehe na kwao Usukumani tunafanana kwa jambo moja: mama mkwe haguswi, hatazamwi usoni, wala hasikii kwako neno lolote linalohusu mwili. Nilipokwenda ukweni nilisimama mbali, nikaamkia huku natazama chini, naye akaitika akiwa amegeukia upande. Katika miaka mitano ya ndoa sidhani kama niliwahi kuyaona macho yake.

Mwaka wa vita na Uganda, mama mkwe alianza kutokwa damu isiyokoma. Mimi niliambiwa tu kwamba mama anaumwa tumbo. Walipompeleka hospitali Mbeya, daktari akakuta uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, akasema mfuko uondolewe. Baba mkwe alikubali, lakini hakuweza kuacha ng'ombe wala hakujua Kiswahili cha kutosha. Mke wangu akaenda kumuuguza mama yake. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nami nikapanda lori kuwafuata, nimebeba nguo na unga, watoto tumewaacha kwa jirani.

Upasuaji ulikwisha salama, au tuliamini hivyo. Kesho yake asubuhi walimtoa mpira wa mkojo. Mchana wa siku hiyo hiyo, dereva mmoja wa Chunya akatuletea salamu kwamba mtoto wetu mdogo ameshikwa na surua na homa haishuki.

"Mimi narudi," mke wangu akasema. "Wewe baki na mama."

"Nitabakije na mama yako?"

"Hapa nani mwingine anajua Kisukuma?"

Hakuwepo. Wodini walijua Kisafwa, Kinyakyusa na Kiswahili, na mama mkwe hakujua hata kimoja katika hivyo vitatu. Mke wangu akamfunika mama yake vizuri, akamwambia kitu sikioni, akaondoka na dereva yule yule. Nikabaki nimesimama kwenye mlango wa wodi ya wanawake, kofia mkononi.

Asubuhi iliyofuata daktari alipita raundi. Alikuwa kijana Mtanzania, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, maana wenzake wawili walikuwa wamechukuliwa kwenda vitani. Nyuma yake walikuwa wauguzi watatu na faili. Nikaitwa ndani. Vitanda vilikuwa vimepangwa karibu karibu, na wanawake wote wakanitazama, mwanamume peke yangu wodini humo ukimwacha daktari.

"Mwalimu, muulize mama kama anakojoa vizuri."

Nilijua neno la kukojoa kwa Kisukuma. Nililijua vizuri sana, ni katika yale ya kwanza. Lakini lile nililolijua lilikuwa la watoto, wanalotupiana nyuma ya choo cha shule. Kumtamkia mama wa mke wangu neno lile mbele ya watu kulinishinda. Nikainama kidogo upande wa kitanda, nikamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, umelalaje?"

Akajibu, uso umeelekea ukutani, "Nimelala kidogo."

"Ndiyo," nikamwambia daktari. "Anakojoa."

Muuguzi akaandika. Niliiona kalamu yake ikitembea. Wakahamia kitanda cha pili.

Sikujiona nimefanya kosa. Nilijiona nimejiokoa. Nikatoka nje, nikanunua ndizi mbivu, nikala nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa hospitali nikiutazama mlima. Siku ya pili yake daktari akauliza lile lile, nami nikauliza "umelalaje" na kujibu "ndiyo". Sasa ilikuwa rahisi zaidi, kama mtu anayerudia wimbo.

Siku ya tatu mama mkwe mwenyewe aliongea. Daktari hajafika bado kitandani, alikuwa kitanda cha jirani. Mama mkwe akavuta kanga hadi kwenye nyusi, akasema polepole, na nikasikia jinsi kila neno lilivyomgharimu:

"Mkwe, mwambie mganga mfereji umekauka. Tangu juzi hakuna maji yanayofika shambani. Na mgongo unawaka huku na huku."

Nilielewa. Naomba hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujiambia kwamba sikuelewa, kwamba Kisukuma changu kilikuwa cha watoto. Mwanamke aliyeishi na mifereji ya mpunga alikuwa amenitafutia njia ya heshima. Alikuwa amefanya kazi yote. Mimi nilibakiwa na kutafsiri kwa Kiswahili tu, kwa mwanamume mwenzangu ambaye kazi yake ni hayo.

Daktari akageukia kwetu. "Anasemaje leo?"

Muuguzi mmoja, msichana wa umri wa mke wangu, alikuwa ananitazama kwa tabasamu. Nikaona kwamba nikisema leo hakojoi, wataniuliza: na jana? Na juzi, ulipotuambia ndiyo?

"Anasema mgongo unamuuma kidogo," nikajibu. "Labda kwa kulala sana."

"Na mkojo?"

"Mzuri."

Akaagiza apewe dawa ya maumivu, asaidiwe kukaa. Mama mkwe alisikia sauti yangu, hakujua nimesema nini. Alitulia, akaamini kwamba ujumbe wake umefika.

Kesho yake alianza kutapika. Uso ukavimba, macho yakawa mistari miwili. Akawa anaita watu wasiokuwepo, akitaja majina ya ng'ombe. Daktari alimpima, akamrudishia mpira wa mkojo, kikatoka kiasi cha vijiko vichache, rangi ya chai ya rangi. Akachukua faili, akalisoma.

"Lakini hapa imeandikwa anakojoa vizuri siku zote," akasema.

Mimi nilikuwa natazama sakafu, kama inavyompasa mkwe.

Akatueleza, mimi na muuguzi mkuu, kwamba kuna mambo mawili. Ama figo zenyewe zimegoma, ama kuna kizuizi. Mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo inapita karibu sana na mfuko wa uzazi, akasema, na wakati wa kushona huweza kukamatwa na uzi. Alisema bila kujitetea, na yeye ndiye aliyeshona. Picha ya eksirei ya kawaida haingeonyesha, na ile ya kuchomwa dawa ya rangi haifai kwa figo zilizokwama hivi. Lakini alikuwa amesikia kwamba kule Iringa, hospitali moja ya misheni, daktari Mzungu ameleta mashine mpya kwa ajili ya wajawazito, inayoona ndani ya tumbo bila kukata wala kuchoma.

"Mpelekeni," akasema. "Leo."

Tukaondoka na Land Rover ya hospitali, mama mkwe amelazwa nyuma kwenye godoro, muuguzi upande mmoja, mimi upande wa pili. Baada ya Makambako muuguzi alishikwa na kichefuchefu, akahamia mbele kwa dereva. Kwenye kona mama mkwe aliteleza, kichwa kikagonga chuma. Nikakaa sakafuni, nikamshika mabega, nikakiweka kichwa chake kwenye paja langu. Miaka mitano sikuthubutu kumtazama, na sasa pumzi yake, yenye harufu ya mkojo ule ule uliokosa njia, ilikuwa mkononi mwangu. Kutoka Mafinga hadi Iringa nilimshika hivyo. Sikuona haya ya kumgusa. Haya niliyokuwa nayo ilikuwa nyingine.

Daktari wa Iringa alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyejifunza Kiswahili kwa wakulima wa huko hata akawa anakiimba kama Mhehe. Mashine ilikuwa kwenye chumba kidogo chenye pazia la blanketi, imewekwa juu ya meza yenye magurudumu: sanduku, kioo kama cha televisheni ndogo, na waya wenye kitu cha kushika mkononi. Nje jenereta ilikuwa inanguruma. Walimlaza mama mkwe ubavu, wakafunua mgongo. Nikaanza kutoka.

"Wewe unakwenda wapi, mwalimu? Nani atamwambia avute pumzi?"

Nikabaki, nimegeukia blanketi. Daktari alimpaka mafuta baridi, nikamsikia mama mkwe akishtuka. Nikamwambia avute pumzi, aizuie. Akafanya.

"Geuka," daktari akaniambia. "Nataka uone, ili umweleze mwenyewe."

Nikageuka. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa kijivu unaotetemeka.

"Mashine inatuma sauti ambayo masikio yetu hayasikii," akasema. "Ikigonga nyama, inarudi, unaona kijivu au nyeupe. Ikikuta maji haina cha kugonga, panabaki peusi. Hili umbo kama haragwe ni figo. Figo ya mtu asiyeumwa, katikati yake pangekuwa peupe. Yake tazama."

Katikati palikuwa peusi. Weusi ule ulikuwa na matawi mafupi, kama kiganja na vidole vilivyovimba.

"Huo ni mkojo," akasema. "Umerudi nyuma, umeijaza figo, unaisukuma kutoka ndani." Akahamia upande wa kulia, na huko weusi ulikuwa mkubwa zaidi, nyama ya figo imebaki kama ganda. Kisha akapita chini ya kitovu, akatafuta kibofu, hakuona kitu isipokuwa kivuli cha mpira wenyewe. Mfuko uliofungwa kwenye mpira ule tangu Mbeya ulikuwa umepata vijiko viwili.

"Juu kumejaa, chini hakuna kitu. Kwa hiyo figo zinafanya kazi, ila njia imefungwa, pande zote mbili. Tukifungua leo, anaweza kupona. Mweleze."

Sikuwa na neno la figo kwa Kisukuma ambalo halikuwa la machinjioni. Nikachuchumaa karibu na kichwa chake, nikatumia lile alilonipa yeye mwenyewe. "Mayu, daktari ameona. Maji yapo mengi, yamejaa huku mtoni. Mfereji umezibwa njiani, pande zote. Watauzibua."

Akafumbua macho. Yalikuwa ya kahawia isiyokolea, na sijui kwa nini nilikuwa nimeyadhani meusi. Akanitazama moja kwa moja.

"Ndivyo nilivyokuambia," akasema.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema ameelewa."

Daktari alifuta mafuta kwa kitambaa, akachukua barua ya Mbeya, akaisoma tena. "Hapa wameandika kwamba kila siku mwenyewe alisema anakojoa vizuri. Siku tatu. Ni ajabu." Akatikisa kichwa, bila ukali. "Hawa mama zetu wa vijijini, haya itawaua. Afadhali afe kuliko kusema."

Mama mkwe alikuwa amelala kati yetu, hajui kwamba anashtakiwa. Neno moja lingetosha. Nilifungua kinywa, nikasema, "Ni kweli, daktari. Wana haya sana."

Walimfungua alasiri ile. Upande wa kushoto ulikuwa uzi mmoja, wakaukata, na mrija ukafunguka. Upande wa kulia mrija ulikuwa umeharibika. Wakaweka mpira kutokea ubavuni, wakangoja wiki kadhaa, kisha wakakubali kwamba figo ile imekufa. Daktari alisema kama angeletwa siku mbili au tatu mapema, huenda zote mbili zingepona. Aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naambiwa mambo yote.

Katika wiki zile nililala Kihesa kwa dada yangu, na kila asubuhi nilikwenda hospitali kwa miguu. Mkojo ukatoka tele, mweupe kama maji ya mvua, na kila asubuhi nilimuuliza mama mkwe umetoka kiasi gani, kwa neno lile lile la watoto wa Shinyanga, maana nilikuwa nimeacha kuchagua. Alinijibu kwa kifupi, wala hakucheka wala hakugeukia ukutani. Wauguzi walinisifu. Mmoja alisema hajawahi kuona mkwe kama mimi. Dada yangu alirudia maneno hayo kwa majirani, nami nilikuwa nakunywa uji wake huku nasikia.

Mtoto alipopona surua, mke wangu alikuja. Alipoelezwa habari ya figo alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia, kisha akamgeukia mama yake kwa hasira ya mtu aliyeogopa.

"Mama, kwa nini hukusema? Siku zote zile. Ulikuwa unamwonea nani haya?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Mama mkwe hakunitazama hata kidogo. Alishika mkono wa binti yake, akaupapasa, akauliza kama mtoto ameanza kula.

Tulimrudisha Usangu baada ya mavuno ya mpunga. Baba mkwe alikuwa amekusanya wazee. Akasimama, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akasema kwamba ana watoto wa kiume wanne na hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama na mama yao kule wanakokatwa watu, ila huyu Mhehe. Alisema mimi nilikuwa kinywa cha mke wake. Kisha akaita mtamba mwekundu aletwe, akaweka kamba mkononi mwangu.

Ningeweza kukataa. Kuna namna za kukataa zawadi bila kuvunja heshima, na wazee wale wangenisikiliza. Nilishika kamba kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikashukuru. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngozi kivulini pa ukuta, mwembamba, kanga hadi kwenye nyusi kama zamani. Amerudi kuwa mkwe, nami nimerudi kutazama chini.

Nilimwambia mke wangu mwaka uliofuata. Mtamba yule alikuwa amezaa, tumemhamishia kwa jamaa mmoja karibu na Makongolosi, na jioni tulikwenda kukamua. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe, ili ng'ombe awe kati yetu, nikamweleza yote: umelalaje, mfereji, muuguzi na tabasamu lake, chumba chenye blanketi. Nilisema haraka, kama nasoma taarifa ya shule. Aliendelea kukamua. Maziwa hayakukatika.

"Mama aliniambia," akasema nilipomaliza. "Kule kule Iringa, siku ile ile niliyomgombeza. Ulipotoka kwenda kununua chumvi."

Akasogeza kibuyu chini ya chuchu, akaendelea.

"Alisema nisikuulize. Alisema mkwe akivuliwa nguo mbele ya watu hurudi kwao, na mimi nina watoto wawili."

"Na baba?"

"Baba hajui. Mama amesema asijue."

Nilikuwa nimetegemea kwamba nikiisha kusema nitapata nafuu, kama mtu aliyetapika. Badala yake nilijiona mdogo zaidi, maana kwa mwaka mzima wanawake wawili walikuwa wamenibeba, wakinipakulia chakula na kuniitikia salamu, huku mimi nadhani nimebeba siri peke yangu. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Sijui," akasema. "Siku nyingine nasahau."

Akanipa kibuyu cha maziwa nikishike ili amfungue ndama.